Sayansi ya Mchuzi wa Binzari: Utaratibu wa Chungu na Lishe ya Nyumbani

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu ya Zambia hufika Ruaha Mbuyuni, katika Wilaya ya Kilolo, kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga. Ni nchi ya joto, ukame na mibuyu, lakini kilimo cha umwagiliaji kimeifanya kuwa bustani kubwa ya vitunguu na nyanya. Mazao hayo hupangwa kando ya barabara, hupakiwa katika magari, na kusafirishwa hadi Dar es Salaam na miji mingine. Juu ya mlima, Ilula nayo ni maarufu kwa nyanya. Na mbele zaidi, nyanda za Iringa na Mbeya hutoa viazi, maharage, njegere na mboga za majani za kila aina.

Kitunguu na nyanya ndio msingi wa mchuzi wa binzari, kama upikwavyo katika nyumba za Watanzania wenye asili ya Uhindi, na siku hizi katika nyumba za Watanzania wengi wengineo. Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba watoto wa mikoa hii wangekuwa wenye afya kuliko wenzao. Hali halisi si hiyo. Katika utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watoto wa Mkoa wa Iringa wenye umri wa chini ya miaka mitano walionekana kuwa na udumavu, yaani kimo chao ni kifupi kuliko kinavyostahili kwa umri wao, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Upungufu wa damu nao ni tatizo la nchi nzima: utafiti kama huo wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake wapatao 45 katika kila 100, wenye umri wa kuzaa, walikuwa na upungufu huo.

Sababu za udumavu ni nyingi: maradhi ya kuhara, kazi nyingi za mama, mlo wa wanga mtupu, na mazao bora kuuzwa yote bila kubakiza sehemu ya kuliwa nyumbani. Haiwezekani kuziondoa zote jikoni. Hata hivyo, mboga ile ile, ikipikwa kwa utaratibu huu au ule, huweza kumpa mlaji virutubisho vingi au vichache. Na mkaa ule ule huweza kutosha siku mbili au siku moja. Makala haya yanaeleza sayansi ya utaratibu huo, ili mwalimu aweze kuitumia katika masomo ya kemia, fizikia, baiolojia na elimu ya lishe.

Asili ya mchuzi huu

Mchuzi unaoitwa wa Kihindi ni kazi ya mabara mengi. Pilipili manga, iliki, manjano na tangawizi ni mimea ya Asia ya kusini na ya kusini-mashariki. Bizari nyembamba na giligilani zilitoka nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania, na karafuu ilitoka visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo. Nyanya, pilipili kali na viazi mviringo ni mimea ya Marekani ya Kusini na ya Kati. Haikujulikana Asia wala Afrika kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo Vasco da Gama alipofika Calicut mwaka 1498, mchuzi alioukuta huko haukuwa na nyanya wala pilipili kali; ukali wake ulitokana na pilipili manga na tangawizi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilifanya biashara na Bara Hindi kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wafanyabiashara na mafundi, wengi wao wakiwa Wagujarati na Wakachi, walihamia Zanzibar na pwani, kisha wakaingia bara hadi miji kama Iringa na Mbeya. Walikuja na mapishi ya nyumbani ambayo ni rahisi kuliko yale ya hotelini: choroko au dengu zenye binzari iliyokaangwa, biringanya na viazi, bamia kavu, mchicha, kabichi yenye bizari nyembamba. Maneno kama chapati na achari yaliingia katika Kiswahili kwa mawasiliano hayo. Hata katika kitunguu alama hiyo ipo: miongoni mwa aina za vitunguu vyekundu vilimwavyo Tanzania imo ile iitwayo Red Bombay.

Kitunguu: machozi na rangi ya kahawia

Kitunguu kizima hakina harufu kali. Sababu ni kwamba ndani ya kila seli kuna vitu viwili vilivyotengwa: upande mmoja kampaundi zenye salfa, na upande mwingine kimeng'enya kiitwacho alinasi. Kisu kinapopasua seli, vitu hivyo hukutana na kutenda kemikali. Mwaka 2002 wanasayansi wa Japani walitangaza kwamba kipo kimeng'enya cha pili, ambacho hubadili mazao ya tendo hilo kuwa gesi iwashayo macho. Gesi hiyo huyeyuka katika unyevu wa jicho, nalo jicho hujilinda kwa kutoa machozi. Kisu kikali huumiza seli chache kuliko kisu butu, kwa hiyo humliza mpishi kidogo. Kitunguu kilichopozwa nacho huliza kidogo, kwa kuwa gesi huruka polepole katika baridi.

Joto huharibu vimeng'enya hivyo na kufukuza gesi zilizokwisha kutokea; ndiyo maana kitunguu kilichoiva huwa kitamu. Lakini utamu na harufu ya mchuzi hutegemea hatua moja zaidi, ambayo wapishi wengi huikatisha kabla ya wakati. Karibu asilimia 89 ya uzito wa kitunguu ni maji. Kinapotiwa katika mafuta ya moto, maji hayo huanza kuvukiza. Maadamu maji yapo kwa wingi, joto la vipande vya kitunguu haliwezi kupita sana kiwango cha kuchemka cha maji, hata moto uwe mkali namna gani. Kitunguu hulainika na kuwa cheupe chenye kupenyeza mwanga, lakini hakigeuki kahawia.

Maji yanapokaribia kwisha, joto hupanda. Likifika kiasi cha nyuzijoto 140 za Sentigredi, sukari na asidi amino zilizomo katika kitunguu huanza kutendana kwa kasi na kuzaa mamia ya kampaundi mpya zenye rangi ya kahawia na harufu nzuri. Tendo hilo huitwa tendo la Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyelieleza mwaka 1912. Ni tendo lile lile liupalo mkate ganda lake na kahawa iliyokaangwa harufu yake.

Hapo ndipo umuhimu wa utaratibu unapoonekana. Nyanya ina maji yapatayo asilimia 95. Mpishi akitia nyanya mapema, chungu hurudi mara moja kwenye joto la maji yachemkayo, na kitunguu hakitageuka kahawia tena, hata kikipikwa saa nzima. Aidha, asidi ya nyanya hupunguza kasi ya tendo la Maillard. Kitunguu kwanza, nyanya baadaye: kanuni hii ambayo bibi humfundisha mjukuu bila maelezo ina msingi imara katika fizikia na kemia. Kwa upande mwingine, kitunguu kikiachwa kiungue na kuwa cheusi, mchuzi huwa mchungu na hakuna kiungo kiwezacho kuuponya.

Binzari na mafuta

Harufu za viungo hutokana na mafuta mepesi yavukayo upesi. Karafuu ina yujenoli, giligilani ina linaloli, na bizari nyembamba ina aldehidi yake maalumu. Kampaundi hizi huyeyuka vizuri katika mafuta na vibaya katika maji. Rangi ya manjano, iitwayo kurkumini, ina tabia hiyo hiyo, na vivyo hivyo kapsaisini iliyo katika pilipili kali.

Kwa sababu hiyo, mpishi wa Kigujarati huanza kwa kutia bizari nyembamba au mbegu za haradali katika mafuta ya moto mpaka zilie na kurukaruka. Mlio huo ni wa maji machache ya ndani ya mbegu yanapogeuka mvuke na kuipasua. Mafuta huzipokea harufu na kuzisambaza katika chungu chote. Binzari ikitiwa moja kwa moja katika maji mengi, sehemu kubwa ya harufu hupotea pamoja na mvuke, na mchuzi hubaki na ladha ya unga mbichi. Lakini viungo vilivyosagwa huungua katika muda mfupi sana. Kwa hiyo moto hupunguzwa kwanza, na unga hutiwa pamoja na maji kidogo au pamoja na nyanya.

Mpishi mzoefu hungoja mpaka mafuta yajitenge na kuonekana kandokando ya rojo. Ishara hiyo ni kipimo cha kuaminika. Maji ya kitunguu na nyanya yanapokuwa mengi, mafuta hutawanyika humo kwa vitone vidogo. Maji yanapopungua, vitone hukutana na kujitenga. Basi mafuta yanapotokea, mpishi hujua kwamba maji ya ziada yamekwisha na kwamba joto la rojo limeanza kupanda.

Tabia ya kuyeyuka katika mafuta ina maana kubwa kwa lishe. Mchicha, majani ya maboga, karoti na boga la njano vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vitamini ilindayo macho na kinga ya mwili. Karotini haiyeyuki katika maji. Mlaji wa mchicha uliochemshwa bila mafuta hufyonza sehemu ndogo tu ya karotini hiyo, na iliyobaki hutoka na kinyesi. Kijiko kimoja au viwili vya mafuta katika chungu cha familia hutosha kuleta tofauti. Likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, nayo hufyonzwa vizuri zaidi kutoka katika nyanya iliyopikwa kwa mafuta kuliko katika nyanya mbichi, kwa kuwa joto huvunja kuta za seli. Haifuati kwamba mafuta mengi ni bora: mchuzi unaoelea mafuta huongeza gharama, na mazoea ya kula mafuta mengi kila siku huongeza hatari ya unene uliozidi.

Yafaa pia kusahihisha jambo moja lisemwalo mara nyingi, kwamba manjano hutibu maradhi karibu yote. Kurkumini imechunguzwa sana katika maabara, lakini mwili huifyonza kwa kiasi kidogo mno, na kiasi kitumiwacho katika mchuzi hakiwezi kuchukua nafasi ya dawa. Manjano ni kiungo kizuri, na hilo latosha.

Hatari iliyopo inatokana na udanganyifu. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba nchini Bangladesh baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiyapaka manjano kromati ya risasi ili yang'ae. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Baada ya wananchi kuelimishwa na sheria kusimamiwa, sampuli za sokoni zilizopimwa mwaka 2021 hazikuonyesha tena sumu hiyo. Jicho haliwezi kuthibitisha kuwapo kwa risasi. Kazi hiyo ni ya maabara. Hata hivyo, Tanzania hulima manjano yake yenyewe katika mikoa kama Tanga, Morogoro na Kigoma, na pia Zanzibar; mnunuzi anayechukua manjano yasiyong'arishwa kutoka kwa mkulima anayemjua, akayakausha na kuyatwanga mwenyewe, hupunguza hatari hiyo.

Asidi, kunde na magadi

Choroko, dengu, mbaazi na maharage hulainika pale pektini, yaani gundi iunganishayo seli za mmea, inapoyeyuka katika maji ya moto. Asidi huzuia uyeyukaji huo. Chungu cha choroko kilichotiwa nyanya au ukwaju tangu mwanzo huchukua muda mrefu kuiva kuliko kile ambacho asidi imetiwa mwishoni. Katika mapishi ya Kihindi, kunde huchemshwa peke yake mpaka zilainike, na rojo la kitunguu, nyanya na binzari hupikwa katika sufuria nyingine, kisha viwili hivyo vikachanganywa. Viazi navyo hufuata kanuni hiyo: vikichemka katika nyanya nyingi, hubaki vigumu kwa muda mrefu.

Magadi hufanya kinyume. Yana sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojeni kaboneti, ambazo ni alikali. Alikali huharakisha uyeyukaji wa pektini, na kwa hiyo maharage huiva upesi na mboga hubaki na rangi ya kijani iliyokolea. Walakini alikali huharibu vitamini B1 iliyomo katika kunde na vitamini C iliyomo katika majani. Aokoaye mkaa kwa magadi hulipa kwa vitamini. Njia iliyo bora ni kuloweka kunde usiku kucha, kumwaga maji hayo, na kuzipika kwa maji mapya. Kunde kuukuu, hasa zilizohifadhiwa mahali penye joto na unyevu, hupata ugumu usioondoka kwa urahisi; kwa hiyo ghala kavu lenye ubaridi ni sehemu ya mapishi.

Bamia huonyesha jinsi mapishi mawili yawezavyo kutumia sayansi moja kwa makusudi yanayopingana. Utelezi wake hutokana na wanga wa aina maalumu ambao hufumuka unapopata maji. Mpishi wa mlenda hutaka utelezi, hivyo huongeza maji na mara nyingi magadi. Mpishi wa bamia kavu ya Kihindi hautaki; huifuta bamia ikauke kabla ya kuikata, huikaanga bila maji, na hutia ndimu.

Mwinuko wa nchi na kiwango cha kuchemka

Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 pale tu kanieneo ya hewa inapokuwa ile ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzijoto moja. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,600. Hivyo maji yake huchemka kwa nyuzijoto 95 hivi. Mbeya, iliyo juu kidogo zaidi, hukaribia 94. Ruaha Mbuyuni iko chini ya mlima Kitonga, na maji yake huchemka kwa joto lililo kati ya lile la pwani na lile la Iringa.

Kwa makadirio ya jumla, kasi ya matendo mengi ya kemikali hupungua kwa nusu joto linaposhuka kwa nyuzijoto 10. Kwa nyuzijoto tano, muda huongezeka mara 1.4 hivi. Choroko ziivazo kwa saa moja Dar es Salaam zitachukua kama saa moja na dakika 25 Iringa mjini. Mpishi wa nyanda za juu asidhani kwamba mbegu zake ni mbaya. Hewa yake ni nyepesi. Sufuria ya kanieneo, ambayo huzuia mvuke usitoke, hupandisha joto la maji mpaka kati ya nyuzijoto 115 na 120, na hivyo hufuta tofauti hiyo.

Ni vema wanafunzi watambue kwamba kanuni hii huhusu maji peke yake. Mafuta ya kupikia hayachemki katika joto la jikoni, kwa hiyo kitunguu hukaangika na kuwa cha kahawia Mbeya sawasawa kama Tanga. Katika chungu kimoja cha mchuzi, hatua ya mafuta haijali mwinuko, na hatua ya maji huujali sana.

Jambo hili linahusu pia mkaa. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 huhitaji kama jouli 335, lakini kuigeuza mvuke huhitaji jouli zipatazo 2,260, yaani karibu mara saba zaidi. Chungu kikisha kuchemka, kuongeza moto hakuongezi joto la chakula hata kidogo. Huongeza mvuke tu. Kifuniko na moto mdogo huivisha choroko kwa muda ule ule na kwa mkaa mchache.

Tahadhari juu ya maharage mekundu

Maharage mekundu hupendwa katika mchuzi wa binzari, lakini yakiwa mabichi yana protini yenye sumu iitwayo haimaglutini ya mimea, ambayo huleta kutapika na kuhara kukali ndani ya saa chache. Kuchemka kwa nguvu huiharibu. Joto dogo la nyuzijoto 80 haliiharibu, na maharage yaliyopikwa hivyo huweza kudhuru kuliko mabichi. Basi maharage yalowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, yatiwe maji mapya na yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 30 kabla ya moto kupunguzwa. Katika nyanda za juu, ambako maji huchemka kwa joto dogo, muda huo usifupishwe kamwe. Kanuni ya moto mdogo iliyotajwa hapo juu huanza kutumika baada ya hatua hii.

Chungu cha mfano: choroko na mchicha

Mfano ufuatao, unaotosha watu watano au sita, unakusanya kanuni zote zilizoelezwa. Vitu vyake ni choroko gramu 250, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya mbili, mafuta vijiko vitatu vikubwa, bizari nyembamba na manjano nusu kijiko kidogo kila kimoja, giligilani ya unga kijiko kidogo kimoja, vitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, fungu moja la mchicha, chumvi na ndimu.

1. Choroko huchambuliwa, hulowekwa usiku, na kuchemshwa katika maji mapya kwa moto mdogo, chungu kikiwa kimefunikwa, mpaka zibonyee kwa vidole. Nyanya haitiwi hapa.

2. Katika sufuria nyingine, bizari nyembamba hutiwa katika mafuta ya moto mpaka ilie. Kitunguu hufuata, na hukaangwa mpaka kiwe cha kahawia hafifu.

3. Moto hupunguzwa. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano na giligilani hutiwa na kukorogwa kwa nusu dakika, kisha nyanya na chumvi. Rojo hupikwa mpaka mafuta yajitenge.

4. Choroko hutiwa katika rojo pamoja na maji yake, na huchemka dakika tano ili ladha zichanganyike.

5. Mchicha huoshwa ukiwa mzima, hukatwa baada ya kuoshwa, na hutiwa mwishoni kwa dakika tatu au nne tu. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto na hewa. Mchicha uliokatwa kabla ya kuoshwa, au uliochemshwa na maji yake kumwagwa, huipoteza kwa wingi.

6. Chungu huondolewa motoni, na ndimu hukamuliwa humo.

Ndimu hiyo ina kazi kubwa kuliko ladha. Madini ya chuma yaliyomo katika choroko na mchicha ni ya aina ambayo mwili huifyonza kwa shida. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo, ufyonzaji huongezeka. Chai ya rangi au kahawa ikinywewa pamoja na chakula, tanini zake hushikamana na chuma na kuuzuia. Kwa hiyo chai ingoje saa moja au zaidi. Kwa mama mjamzito na kwa binti wa shule ya sekondari, badiliko hili lisilo na gharama lina manufaa ya kweli, ingawa mwenye dalili za upungufu wa damu hana budi kwenda kituo cha afya apimwe.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza: kielekezi cha manjano. Unga wa manjano uchanganywe na spiriti kidogo, mbali na moto, na karatasi nyeupe ichovywe humo na kukaushwa. Matone ya ndimu, siki, maji ya sabuni, maji ya majivu na maji ya magadi yawekwe juu yake. Penye alikali, manjano hugeuka rangi ya kahawia nyekundu. Penye asidi, rangi haibadiliki. Akina mama wajuao kwamba doa la mchuzi hugeuka jekundu likipata sabuni wamekwisha kulifanya jaribio hili.

Jaribio la pili: maji au mafuta? Karoti iliyokunwa igawanywe katika vyombo viwili, kimoja chenye maji na kingine chenye mafuta ya kupikia yasiyo na rangi kali. Vyombo vyote viwekwe ndani ya maji ya moto kwa dakika 15. Wanafunzi walinganishe rangi ya maji na ya mafuta, na waeleze tofauti.

Jaribio la tatu: asidi na kunde. Sufuria mbili za ukubwa mmoja zitiwe choroko sawa na maji sawa. Moja iongezwe nyanya mbili zilizokatwa. Kila baada ya dakika kumi, choroko kumi zichukuliwe kutoka kila sufuria na zibonyezwe kwa vidole; idadi ya zilizolainika iandikwe na kuchorwa katika grafu.

Jaribio la nne: kiwango cha kuchemka. Kwa kipimajoto cha maabara, wanafunzi wapime joto la maji yachemkayo shuleni kwao na kukadiria mwinuko wa mahali hapo. Kipimajoto kisitumbukizwe katika mafuta ya moto, kwani vingi havipimi zaidi ya nyuzijoto 110 na huweza kupasuka.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kitunguu hakigeuki kahawia kabla maji yake hayajapungua?

2. Maji ya Shule A yanachemka kwa nyuzijoto 96. Kadiria mwinuko wake kutoka usawa wa bahari.

3. Gramu 100 za maji zilivukiza bure kutoka chungu kisichofunikwa. Kokotoa nishati iliyopotea.

4. Familia moja hupika maharage kwa magadi kwa sababu mkaa ni ghali. Pendekeza njia nyingine, na ueleze faida na hasara za kila njia.

5. Mkulima wa Ruaha Mbuyuni huuza mavuno yake yote ya nyanya na vitunguu. Jadili ni sehemu gani ya mazao au ya mapato ingefaa ibaki kwa ajili ya chungu cha nyumbani, na ni nani katika nyumba apaswaye kushiriki katika uamuzi huo.